Mkono Begani mwa Wifi

Mtaa mzima walimwita Bibi Zimwi, na msidhani ni kwa sababu ya sura. Sura alijaliwa, tena alikuwa na mashavu ya mtu anayecheka upesi. Kilichomponza ni sauti. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiingia kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta zake zimebandikwa sponji kutoka sakafuni mpaka darini, akasimama mbele ya maiki na kuwatilia Kiswahili mdomoni watu wabaya wa filamu za watoto. Mama wa kambo? Yeye. Mchawi wa msituni? Yeye. Fisi jike mwenye jicho moja? Nani mwingine! Mwaka mmoja walimpa dhoruba inayosema, akajiambia afadhali, dhoruba si mtu. Kumbe nayo ilikuwa dhoruba mbaya, kazi yake kuzamisha mashua ya watoto yatima.

Kazi aliijua, hilo hata adui zake wangekubali. Wenzake walisoma karatasi. Yeye maneno yote aliyashika kichwani tangu nyumbani, macho yakabaki kwenye skrini, kwenye midomo ya yule wa filamu. Ile ikifunguka, na yake inafunguka. Ile ikifungwa, na yake imefungwa. Fundi mitambo alikuwa akisema mama huyu angeweza kumtilia maneno hata kuku anayedonoa, na yangeingia.

Lakini sifa za kazini hazimfai mtu ambaye mjukuu wake anamwogopa. Mjukuu wa kike, miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo, alimuuliza siku moja mbele ya wageni: "Bibi, kwa nini wewe kila siku ni mbaya?" Watu wakaangua kicheko. Bibi Zimwi naye akacheka, meno nje, moyo unamuuma. Tangu hapo akaweka nia kwamba kabla sauti haijamzeekea, lazima amfanye mtu mwema. Mara moja tu, mtoto asikie.

Ndipo ikaja filamu ya Nchi ya Vivuli. Ilitokana na kitabu cha hadithi ambacho mjukuu alikuwa nacho nyumbani, jalada limechanika kwa kusomwa, na bibi yake alikuwa amemsomea mpaka kurasa zikalegea. Humo kuna mwanamke aitwaye Mkusanya Vivuli. Hupita vijijini akiwanyang'anya watoto vivuli vyao na kuvikunja sandukuni kama shuka, na mtoto asiye na kivuli hamsikii tena mama yake akimwita. Kuna na Mlinzi wa Taa, mwanamke mpole mwenye taa moja, anayezunguka kuwatafuta watoto hao awarudishe kwao. Bibi Zimwi alimtaka huyo Mlinzi kwa roho yake yote. Alimfanyia mazoezi jikoni, akiziambia sufuria: "Njoo, mwanangu, mwanga huu ni wako." Siku ya kwenda kumwona mwongozaji alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu.

"Mama," mwongozaji akamwambia kabla hajakaa vizuri, "Mkusanya Vivuli ni wewe. Hata kukujaribu sikujaribu. Nilipoiona tu nikasema, huyu ni Mama."

"Na Mlinzi?"

"Mlinzi nimempa wifi yako."

Hapa tusimame kidogo tuelezane, maana mtu asije akadhani Bibi Zimwi alikasirika bure. Huyo wifi, mke wa kaka yake, aliletwa studio na nani? Na Bibi Zimwi mwenyewe! Miezi minane nyuma, duka la vitambaa alimokuwa akiuza wifi lilipofungwa, kaka alikuja kulalamika kwamba mkewe anashinda ndani amejiinamia. Dada mtu akaona huruma. Akamwambia mwongozaji, nina wifi yangu, mchukue apige kelele za umati, kwa sababu kila filamu inahitaji watu wa kupiga kelele sokoni na watu wa kukimbia moto. Wifi akaja na kandambili zake na kikapu, akapiga kelele zake, akashukuru, akaenda zake nyumbani. Sauti alikuwa nayo, laini, yenye joto, sauti ya kumwamsha mtoto bila kumshtua. Lakini kusoma kwake kulikuwa kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtu anayechambua mchele. Sasa kuku mgeni huyu, bado ana kamba mguuni, leo ndiye Mlinzi wa Taa!

"Hongera, wifi," Bibi Zimwi alimwambia jioni ile, akamkumbatia. Kijicho kilikuwa kimemjaa.

"Hongera ni zako, wifi yangu," wifi akajibu, machozi yanamlengalenga. "Ni wewe uliyenishika mkono. Bila wewe, mimi nani?"

Maneno hayo yangemtuliza mtu mwingine. Yeye yalimzidishia. Angalau wifi angejigamba! Angalau angeringa kidogo, mtu apate pa kumshikia amchukie kwa haki. Lakini wapi, mtu mwenyewe ananyenyekea mpaka anakera.

Wakaanza na Mkusanya Vivuli. Bibi Zimwi alimmaliza kwa siku nne, na wivu wote ule akaumimina humo. "Nipe kivuli chako, mwanangu. Wewe hukihitaji, mimi ndiye ninayekihitaji." Fundi mitambo, mtu mkimya anayekaa upande wa pili wa kioo na swichi zake, alijishika mikono akasema vinyweleo vimemsimama. Kitu kimoja tu kilimuudhi Bibi Zimwi katika kazi ile. Kitabuni Mkusanya hafi. Kitabuni anafungua sanduku mwenyewe, anakwenda nyumba kwa nyumba kumrudishia kila mtoto kivuli chake, na kila anachokitoa kinamuuma kama ngozi inayobanduka. Waliotengeneza filamu hawakuwa na subira hiyo. Walimtumbukiza kisimani kwa dakika mbili, watoto washangilie, kwisha habari.

"Hii si haki," alimwambia mwongozaji. "Kitabuni anatubu."

"Watoto wanataka kuona mbaya akianguka, Mama. Wewe lia tu ukiwa unakwenda chini."

Akalia. Alilia vizuri sana.

Kisha zamu ya wifi, na tatizo likaonekana saa ya kwanza. Wifi akiinamisha macho kwenye karatasi, skrini inampita. Akiinua macho kwenye skrini, maneno yanampotea. Kwa watu wa namna hiyo kazi hii ina njia yake, na ni ya zamani. Mtu mmoja anasimama nyuma ya msomaji, macho kwenye skrini, na anamgusa begani kidogo kabla ya midomo ya filamu kufunguka. Msomaji hahangaiki na skrini kabisa, anangoja mkono tu. Mguso ukiwahi, sauti inakaa mahali pake. Na nani pale studio aliyeijua midomo ya Mlinzi wa Taa nje ndani, kwa kuifanyia mazoezi jikoni wiki nzima? Mwongozaji akamwomba Bibi Zimwi asimame nyuma ya wifi yake. Angekataaje?

Siku mbili za kwanza alimgusa sawasawa. Mimi nadhani mkono ulikuwa umezoea uaminifu kuliko moyo. Mistari ilikwenda, mwongozaji anasema safi, wifi anageuka kumtabasamia, "Mkono wako, wifi, nauamini kuliko macho yangu."

Siku ya tatu mjukuu akaletwa na mama yake kuchungulia kwenye kioo. Wifi alikuwa akisema, "Njoo, mwanangu, mwanga huu ni wako." Mtoto akasikiliza mdomo wazi. Mlango ulipofunguliwa aliingia mbio mikono imenyooshwa, na Bibi Zimwi akainama kumpokea. Mtoto akampita kama kinavyopitwa kiti, akamrukia wifi shingoni. "Bibi Mdogo! Wewe ndiye Mlinzi! Kumbe ni wewe!"

Bibi Zimwi akainuka taratibu, akajifanya alikuwa anaokota kitu. Laiti ardhi ingepasuka! Ile "Njoo, mwanangu" ilikuwa yake, aliisema kwa sufuria mara mia, na mtoto alikuwa wake, damu yake, na vyote viwili vilikuwa vimening'inia kwenye shingo ya mtu aliyemleta mwenyewe apige kelele za sokoni.

Mchana huohuo mkono ukaanza kuchelewa.

Ulichelewa kidogo tu, pungufu ya kupepesa jicho. Midomo inafunguka, halafu ndiyo mkono unatua. Wifi anaanza akiwa tayari yuko nyuma, anakimbiza maneno, anajikwaa. "Tena," anasema mwongozaji. Anajikwaa tena. "Tena." Kufika siku ya nne wifi alikuwa anatokwa jasho mikononi mpaka karatasi inalowa. Siku ya tano alianza kuomba radhi kabla hajakosea.

"Wifi, nimeingiliwa na nini mimi?" aliuliza wakati wa mapumziko. "Juzi si nilikuwa naweza?"

"Ni uchovu tu," Bibi Zimwi akamwambia, akamletea maji ya kunywa. Maji, jamani! Kwa mkono uleule.

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Basi huyu hakukonda. Siku zile alikula vizuri na uso ulimng'aa. Kila "Tena" ya mwongozaji ilimshukia moyoni kama habari njema, na akiona haya kidogo alijikumbusha yule mtoto shingoni mwa mtu, haya inaondoka.

Siku ya sita jioni mwongozaji akamwita pembeni. "Mama, wifi yako amenishinda. Wenye filamu wanaitaka wiki ijayo. Maneno unayo kichwani. Kesho ingia umfanye Mlinzi. Lainisha sauti, hakuna atakayejua kwamba na Mkusanya ni wewe."

Amepata! Miaka ishirini na miwili, amepata. Wifi alipoambiwa alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akasema, "Heri wewe, wifi, kuliko mtu baki. Mimi kelele za sokoni zinanitosha."

Asubuhi Bibi Zimwi alifika mapema, amevaa lile gauni la harusi. Fundi mitambo alikuwa peke yake.

"Mama, njoo huku uone kitu," akasema.

Akamkalisha mbele ya kompyuta yake. Kwenye kioo cha kompyuta sauti ya wifi ilionekana kama vilima, na kando ya kila kilima palikuwa na kichuguu kidogo. "Hiki ni kiganja chako," fundi akasema. "Ukimgusa begani maiki inasikia. Kazi yangu ni kuvikata hivi vyote kabla filamu haijatoka, kwa hiyo navipitia kimoja kimoja. Mstari huu mwekundu ni pale midomo inapofunguka. Siku ya kwanza, kiganja, kisha mstari. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu baada ya chakula, mstari, kisha kiganja. Na kuanzia hapo vyote viko hivyo. Nimehesabu mia na kumi. Hata kimoja hakikuwahi."

Bibi Zimwi alitazama vile vichuguu mpaka macho yakamwasha. "Umemwambia nani?"

"Mimi nakata sauti, Mama, sisemi. Chumba kiko wazi. Ingia."

Akaingia. Angefanya nini? Mwongozaji alikuwa amefika na anampungia mkono nyuma ya kioo. Akavaa spika za masikioni, na kitu cha kwanza alichokisikia humo kilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya wiki iliyopita: "Nipe kivuli chako, mwanangu. Wewe hukihitaji, mimi ndiye ninayekihitaji." Kwenye skrini Mlinzi wa Taa akainua uso. Midomo ikafunguka.

"Hutakipata," Bibi Zimwi akasema. "Si chako."

Iliingia barabara, sauti laini, tamu, na mwongozaji akanyoosha kidole gumba. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mtu mwema, na ilikuwa imechukua pumzi moja. Ndipo haya ikampanda tangu miguuni, haya ya kweli isiyo na pa kujificha. Akavua spika.

"Nipe saa moja," akamwambia mwongozaji, akatoka na gauni lake barabarani, watu wanamshangaa.

Wifi alikuwa uani anaanika nguo, ana shuka lenye maji mikononi.

"Wifi, nilikuwa nakugusa kwa kuchelewa."

"Unasemaje?"

"Makusudi. Tangu siku ya tatu. Wewe hukukosea hata mara moja."

Wifi alisimama na shuka likimchuruzikia miguuni. "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Wewe ndiye mwenye kazi, wewe ndiye unayejulikana, mimi nilikuwa nashukuru hata kukimbia moto!"

"Wivu wa sauti yako. Wa mjukuu wangu alivyokurukia. Watu wakikusikia wanasogea, mimi wakinisikia wanakimbia. Sina jingine la kukuambia, wifi. Ni wivu, basi."

Wifi akalitupa shuka ndani ya beseni, maji yakaruka yakalilowesha gauni la harusi. "Nimemwambia kaka yako mimi ni mjinga! Nimejiita mjinga mbele ya mume wangu! Na nimekunywa maji yako! Si ungenizaba kofi tu nikajua moja?"

"Nipige wewe."

"Sikupigi ng'o. Nikikupiga utatulia, utaona yamekwisha." Akajifuta mikono kwa hasira, kidole baada ya kidole. "Wewe si ndiye Mkusanya? Kwenye filamu wanakutumbukiza. Kitabuni je? Sema, maana mjukuu wako amenihadithia."

Bibi Zimwi akainamisha kichwa. "Kitabuni anarudisha."

"Kwa mkono wa nani?"

"Wake mwenyewe. Kimoja kimoja."

"Haya basi, twende." Wifi akavaa kandambili. "Utamwambia mwongozaji kwa mdomo wako mwenyewe. Halafu utasimama palepale nyuma yangu na utanigusa, mistari yote mia na arobaini, tangu wa kwanza."

"Wifi, mtafute mtu mwingine. Utawezaje kuniamini?"

"Nani kasema nakuamini? Nataka wewe."

Mwongozaji aliposikia alimtazama Bibi Zimwi, akamtazama fundi mitambo. Fundi akajishughulisha na swichi. "Mna mpaka saa kumi," mwongozaji akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kujua zaidi, akaketi.

Mkono wa kwanza uliwahi. Wa pili ukawahi. Wifi hakugeuka kutabasamu, hakusema neno lisilo kwenye karatasi. Na msidhani kuungama kulimsafisha Bibi Zimwi roho, akasimama pale amejaa nuru. Wapi! Kila mstari alioutoa ulimchoma. Alikuwa anaujua kila mmoja, anajua yeye angeuvuta wapi na angeuacha wapi, na anaukabidhi kwa kiganja chake kwa mtu anayesoma kwa kidole. Mstari wa arobaini aliuonea uchungu hasa, ulikuwa mzuri. "Njoo, mwanangu" ilipofika, alitamani kuisema yeye. Mkono ukawahi. Kiganja kilianza kumuuma, mgongo unamuuma, na mtu mwenyewe hata asante hasemi.

Wakafika pale Mkusanya anapokidai kivuli. Sauti ya Bibi Zimwi ikasikika masikioni mwao wote wawili, "mimi ndiye ninayekihitaji," na alihisi bega la wifi likikakamaa chini ya vidole vyake. Akamgusa.

"Hutakipata," wifi akasema. "Si chako."

Haikuwa sauti laini. Ilikuwa na hasira yote ya asubuhi ile uani, imetulia, imekaa mahali pake, na huruma iko humohumo ndani. Nyuma ya kioo mwongozaji alisimama bila kujijua. Fundi mitambo akavua spika zake akabaki anamtazama wifi.

Ilikuwa bora kuliko alivyoisema yeye. Miaka ishirini na miwili ya kazi haikumruhusu kujidanganya katika hilo. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko siku zote, angeweza kuling'ata lile bega. Kwenye skrini Mlinzi wa Taa alikuwa anavuta pumzi kwa mstari unaofuata. Bibi Zimwi akaikodolea macho ile midomo, na kabla haijafunguka, akamgusa.